Sauti Isiyo na Tumbo

Subira ya Amos Lelei ilikwisha zamani, na wa kulaumiwa ni watu wa Eldoret wanaotaka kujua kuendesha gari. Mchana kutwa hukaa upande wa kushoto wa kigari chenye herufi L mgongoni, akimwambia mtu akanyage klachi na mtu anakanyaga breki, akimwambia apinde kulia na mtu anawasha waipa. Jioni anapofika nyumbani Kimumu amekaukiwa na sauti. Mkewe Naomi husema kwamba hata ukitaka akupitishie chumvi mezani, chagua maneno kwanza.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, umpe kazi ya kutafuta sauti ya gitaa la mtu aliyekufa, na mwamuzi awe mama yake mzazi. Hapo umemmaliza. Na ndivyo alivyomalizwa mwaka jana, kati ya kupanda mahindi na kuyavuna, kwa sababu ya kitu kidogo kinachoenea kiganjani.

Marehemu mwenyewe alikuwa baba yake, Arap Lelei wa kijiji cha Ziwa, nje ya mji. Wazee wa sehemu hizo wanamkumbuka akiwa na suruali pana miguuni na nywele zilizochanwa kwenda juu, akipiga gitaa la umeme na bendi yake mjini katika miaka ya sabini. Alitunga nyimbo nyingi, lakini uliomfanya ajulikane ni mmoja, aliouita kwa jina la mkewe, Salina. Wimbo huo ulipigwa redioni mpaka watoto waliokuwa wakichunga ndama wakaujua wote kwa moyo. Hata leo Mama Salina akipeleka kuku sokoni, hakosi mzee wa kumwita kwa mbali, "Salina wa redio!" Naye hukunja uso na kuendelea na bei ya kuku wake.

Halafu Arap Lelei akaokoka. Mtu wa siku zile akiokoka alikuwa haokoki nusu nusu. Aliacha pombe, sigara, bendi na gitaa kwa mkupuo mmoja, akarudi Ziwa kufuga ng'ombe. Gitaa lenyewe hakulivusha hata kizingiti cha lango. Aliliacha mjini kwa mwenzake wa bendi, Maurice, akamwambia alifanyie atakalo bora asilione tena. Kuanzia hapo aliimba nyimbo za kitabu cha kanisa tu, bila ala yoyote, akijipigia makofi. Akafa akiwa hivyo.

Miaka ilipopita, familia ikaamua kumfanyia kumbukumbu. Kaburi litiwe simenti, msalaba wa mbao utolewe uwekwe wa maana, majirani waitwe, watu wale na waombe. Kwenye mkutano wa familia kila mtu alikuwa na lake la kusema kuhusu hema na mbuzi. Mama Salina alinyamaza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja tu.

"Wimbo wangu upigwe. Na upigwe vile ulikuwa. Kama hamwezi, wacheni kabisa."

Mchungaji, aliyekuwa amealikwa, akakohoa. Watu wote wakamgeukia Amos.

Walimgeukia kwa sababu gitaa la baba yake alikuwa nalo yeye. Maurice alimpa kabla hajafariki, likiwa ndani ya gunia la mbolea, na Amos alilihifadhi juu ya kabati. Tena yeye mwenyewe ni mpigaji. Hupiga gitaa kanisani kwao Kimumu kila Jumapili, la kanisa, na waumini humsifu mpaka anaona haya. Mtu mmoja tu hajawahi kumsifu. Mama Salina huja kwao kila Krismasi, hukaa benchi la mbele, hutazama vidole vya mwanawe kuanzia wimbo wa kwanza mpaka baraka ya mwisho, na nje ya kanisa humwambia, "Umejaribu." Basi. Mtu amevuka umri wa miaka hamsini, ana mvi, na bado neno hilo la "umejaribu" humkaa kooni mpaka mwezi wa pili.

Kwa hiyo Amos aliupokea wimbo huo kwa moyo wote. Alijiambia kwamba safari hii, lazima mama yake atamke: ndiyo hiyo. Hakutaka kitu kingine. Asimshukuru, asimpigie makofi. Aseme tu, ndiyo hiyo.

Alilitoa gitaa kwenye gunia, akalipangusa, akalitia nyuzi mpya, akalichomeka kwenye spika. Kimya. Akazungusha vifundo, akagonga, akachomoa na kuchomeka. Kimya kama kaburi lenyewe lililokuwa likisubiri simenti. Pikapu ilikuwa imekufa.

Pikapu ninayosema hapa si ile ya kubebea maziwa. Ni kile kipande kinachokaa kwenye tumbo la gitaa la umeme, chini ya nyuzi: sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana, mizunguko maelfu, ambayo mafundi huiita coil. Uzi ukitikisika, sumaku husikia, na waya huipeleka habari kwenye spika. Hilo ndilo sikio la gitaa. Ukibadilisha pikapu, umebadilisha sikio, na gitaa lile lile, kwa vidole vile vile, litasema kwa sauti nyingine. Na ile ya Arap Lelei waya wake ulikuwa umeoza ndani, haikufufuka hata kwa kubembelezwa. Rekodi ya kusikilizia haikuwepo pia. Santuri zilivunjika, kanda zilipotea, na mtandaoni Amos alitafuta akaambulia mahubiri.

Ilibidi atafute sikio lingine.

Mjini kuna mama mmoja anayeitwa Munira, mwenye duka la chaja, rimoti na vipuri vya kila aina. Kitu asichokuwa nacho hukiagiza, na kikifika hukupigia simu kukuuliza kama bado una akili timamu. Amos alimweleza shida yake.

"Mwalimu, iko za coil moja na za coil mbili," Munira alisema, akisoma kwenye simu yake. "Unataka gani?"

Hapo ndipo Amos alipofanya kosa la kwanza. Aliuliza watu wa mtandaoni. Na watu wa mtandaoni, kama kawaida yao, walimjibu kana kwamba wote wamezaliwa ndani ya spika. Walimwambia ya coil mbili ndiyo ya mtu mzima: nene, yenye joto, haina kelele ya umeme. Akaagiza. Ilipofika, akakaa mezani na chuma cha kuchomelea risasi, akakata waya, akaunga, akaunguza kidole, akaunguza na kitambaa cha meza ambacho Naomi alipewa siku ya harusi yao. Kuhusu kitambaa hicho nisiseme mengi, maana mazungumzo yake hayajaisha mpaka leo.

Jumamosi asubuhi akaenda Ziwa na gitaa na spika ndogo. Mama Salina alikuwa barazani akichambua maharagwe. Amos akaketi, akachomeka, akapiga. Alianza na ule utangulizi wa gitaa peke yake, jinsi baba yake alivyoupiga, kisha akaingia kwenye wimbo.

Mama Salina hakuinua kichwa mpaka mwisho.

"Siyo," akasema.

"Siyo vipi, Mama?"

"Hiyo ni kama mtu anaongea na chakula mdomoni. Na hiyo kitu unaongeza hapo mwanzo, umetoa wapi?"

"Sijaongeza kitu. Ndivyo wimbo unaanza."

"Haya," akasema Mama Salina, kwa ile sauti ya mtu aliyeamua kutobishana na mtoto. "Kunywa chai."

Amos alikunywa chai. Njiani kurudi alikiri moyoni kwamba kuhusu chakula mdomoni, mama alikuwa na haki. Ile pikapu ilikuwa nene mno. Muziki wa baba yake ulikuwa wa nyuzi kulia moja moja, uzi wa juu ukiitana na wa chini, na sikio nene linaziziba zote pamoja. Akarudi kwa Munira.

"Nataka ya coil moja."

"Si nilikuuliza?" akasema Munira. "Wallahi, si nilikuuliza?"

Ya pili ilikuwa ya coil moja, mpya, kali. Kuipachika haikuwa mchezo, maana tundu alilokuwa amelipanua kwa ajili ya ile nene sasa lilikuwa kubwa, na ilimbidi achonge kipande cha mbao cha kujazia. Alipoichomeka ililia mmm, mmm, kelele ya umeme, mpaka akagundua kwamba akigeuka kutazama dirishani kelele inapungua, na akigeukia televisheni inazidi. Jirani mmoja aliyepita alimkuta akizunguka sebuleni polepole na gitaa kifuani akitafuta upande wa kutazama. Aliondoka tu.

Ziwa tena, Jumamosi nyingine. Mama Salina safari hii alisikiliza mikono ikiwa imetulia mapajani. Amos alimwona akitikisa kidole kimoja.

"Karibu," akasema mama.

"Karibu?"

"Lakini iko na tumbo."

"Tumbo?"

"Ya baba yako haikuwa na tumbo. Ilikuwa nyembamba. Hii iko na kitu inavuma hapa chini." Akajigusa kifuani. "Tena ya baba yako ilikuwa inatoka mbali kidogo."

Amos alivuta pumzi kama anavyovuta pale mwanafunzi wake anapoingia barabara kuu bila kutazama. "Mama. Mbali ni wapi? Nikae kule kwa zizi nipige?"

"Sijui. Wewe ndiye mtu wa gitaa."

Kuna maneno ambayo mtu akiambiwa na mtu mwingine yanapita, akiambiwa na mama yake yanajenga nyumba kichwani. Sauti isiyo na tumbo, inayotoka mbali. Wiki nzima Amos alifundisha watu kuegesha gari huku akili ikiwa kwenye tumbo la gitaa. Aliishusha pikapu kwa bisibisi ili iwe mbali na nyuzi. Sauti ikapoa, lakini tumbo likabaki. Akaiinua. Ikawa kali ya kutoboa masikio. Akaisogeza karibu na daraja la nyuzi, pale mkono unapogusia, ambapo sauti huwa nyembamba. Akabadilisha vifundo. Akabadilisha na kile kidude kidogo kinachopunguza ukali, akiunga na kuungua, akiunga na kuungua. Naomi alimwambia kama ni tumbo analotafuta kuliondoa, angeanza na lake. Hakucheka. Siku hiyo alimtoa mwanafunzi mmoja machozi kwa sababu tu ya kusahau kuwasha indiketa, kisha ikabidi amnunulie soda.

Ukweli ni kwamba Amos hakuwa akibahatisha. Sauti ya baba yake aliijua. Aliwahi kuisikia ikitoka kwenye gitaa lenyewe mara moja, na mara hiyo ilimtosha.

Alikuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi. Jino lilimwoza, baba akaja kumchukua ampeleke mjini likang'olewe. Baada ya kung'oa, baba hakuwa na pa kumwacha, kwa kuwa alasiri hiyo kulikuwa na bugi, ile dansi ya mchana ya vijana, na bendi ilikuwa inasubiriwa. Akamkalisha juu ya kreti ya soda nyuma ya spika, taya limevimba, pamba mdomoni. Na baba yake akapiga. Amos hakuisikia kwa masikio peke yake. Aliisikia kwenye lile taya. Kila uzi ulikuja peke yake, safi, na chini yake kulikuwa na kitu kinene na kitamu kinachovuma, kinapanda kwenye kreti mpaka kwenye mifupa. Ilikuwa na tumbo! Hilo ndilo lililomtia wazimu. Sauti ya baba yake ilikuwa na tumbo, na tumbo zuri, na mama anasema haikuwa nalo.

Munira ndiye aliyeipata ya tatu, na sifa hiyo nampa. Mteja wake mmoja alimletea gitaa kuukuu lililovunjika shingo, la aina ile ile ya Arap Lelei, la miaka ile ile. Shingo haikufaa hata kwa kuni, lakini pikapu ilikuwa nzima.

"Mwalimu, njoo uchukue hii kitu," alimwambia kwa simu, "halafu tafadhali usirudi."

Safari hii Amos aliunga nyaya bila kuunguza kitu. Pikapu ilikaa kwenye nafasi yake kama imerudi kwao. Alichomeka, akapiga noti moja ya uzi wa tatu, akasimama. Akapiga nyingine. Naomi alitoka jikoni na mwiko mkononi kuona kwa nini kimya kimeingia, akamkuta mumewe ameinamia gitaa, machozi yanamchuruzika kwenye masharubu, akiguna kwa upande wa taya uliong'olewa jino.

"Ndiyo hiyo," Amos akasema. "Naomi, ndiyo hiyo yenyewe."

Naomi hana sikio la muziki na hujivunia hilo. Lakini alikaa kwenye mkono wa kochi na kusikiliza mpaka mboga ikashika sufuria, na mboga yenyewe hakuisema.

Zilikuwa zimebaki Jumamosi mbili tu kumbukumbu ifike. Amos aliamka mapema, akavaa shati safi kama anayekwenda kuposa, akafika Ziwa ng'ombe wakiwa bado hawajatolewa. Mama Salina alikuwa ameshakunywa chai na amekaa barazani, leso mabegani, maana kulikuwa na baridi. Amos alichomeka, akapiga wimbo wote, utangulizi, mashairi, na lile pambio la mwisho ambapo gitaa linaliita jina la Salina mara tatu bila mtu kuimba. Alipiga kuliko alivyowahi kupiga maishani mwake na alijua hivyo. Hata mbwa mzee wa pale nyumbani aliinuka kutoka kwenye majivu akaja kukaa karibu.

Alipomaliza akainua macho.

Mama Salina alikuwa amekunja uso kidogo, kama mtu anayepima kitambaa.

"Karibu sana," akasema. "Lakini siyo."

Basi. Miezi yote ile ikampanda Amos kichwani kwa wakati mmoja: klachi na breki, vidole vilivyoungua, kitambaa cha harusi, Krismasi zote za "umejaribu". Alisimama, na gitaa likagonga kiti.

"Mama, hapana! Hiyo, hapana! Nimekubali ya kwanza, nimekubali ya pili. Hii ndiyo yenyewe. Mimi nilikuwa pale! Siku ya jino, nilikaa nyuma ya spika nikamsikia na haya masikio. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake, na ilikuwa na tumbo, Mama, ilikuwa na tumbo kubwa! Wewe ulimsikia wapi yenye haina tumbo? Hebu niambie. Ulimsikia wapi?"

Mama Salina alimtazama. Hakukasirika. Hilo lilimshtua Amos kuliko kama angekasirika.

"Kwa redio," akasema.

"Najua kwa redio. Kila mtu alisikia kwa redio. Nauliza yeye mwenyewe. Akipiga."

"Si ndiyo nakuambia. Kwa redio."

Amos akabaki ameshika shingo ya gitaa. Ng'ombe mmoja akalia zizini, akitaka kutolewa.

"Hujawahi kumsikia?"

"Ningemsikia wapi?" Mama Salina akavuta leso yake. "Babu yako alisema hiyo kitu ya wavivu haiingii hapa kwake. Ikakaa tauni, huko mjini kwa bendi. Na mimi niende tauni, nani atakamua? Nani atabaki na nyinyi? Harusi alikuwa anaitwa za huko mbali. Halafu akaokoka, akaiacha. Nilimwuliza mara moja, nikamwambia sasa babu hayuko, leta hiyo gitaa nisikie hata mara moja. Akaniambia hiyo ilikuwa ya shetani."

"Hata mara moja, Mama?"

"Ilikuwa redio ya Mama Chebet, hapo ng'ambo ya ua. Yetu haikuwa. Wimbo ukianza, Mama Chebet anapiga kelele: Salina, unaimbwa! Mimi naacha maziwa, nakimbia. Nikifika wameshaanza. Tena betri zilikuwa zimekwisha kila siku, anazianika kwa jua ndio zipate nguvu kidogo. Kwa hivyo ilikuwa inatoka nyembamba. Mbali." Akatazama ng'ambo ya ua. "Lakini nilikuwa nasikia jina langu."

Amos akakaa chini. Hakukaa kwenye kiti. Alikaa kwenye saruji ya baraza, gitaa mapajani, na hasira iliyokuwa imempanda haikushuka, ila iligeuka upande. Ilimwacha mama yake ikaenda moja kwa moja hadi pale shambani kwenye kaburi lililokuwa likisubiri simenti. Alimkasirikia baba yake kwa mara ya kwanza tangu amzike. Mtu anatunga wimbo wa mkewe, anawapigia walevi na vijana wa bugi na mtoto mwenye jino bovu, anaupigia mji mzima. Mwenye jina anakimbilia ua wa jirani na mikono imejaa maziwa, na anakuta wimbo umefika katikati. Halafu akiombwa mara moja tu, anasema ni wa shetani. Alitamani angekuwa hai ili amgombeze kama anavyowagombeza wale wa klachi.

Na alijikasirikia pia kidogo. Pikapu tatu, na hakuna hata siku moja aliyowaza kuuliza.

Mama Salina akalinyooshea gitaa kidole.

"Sasa hii umepiga leo," akasema. "Hii ndiyo ilikuwa yake?"

"Ndiyo, Mama. Hii ndiyo."

"Wale watu wa tauni walikuwa wanasikia hii?"

"Hii."

"Na hiyo ya mwanzo? Hukuongeza?"

"Sikuongeza. Alikuwa anaanza na gitaa peke yake. Hiyo yote kabla hajaimba."

Mama Salina akatikisa kichwa taratibu, akiiweka habari hiyo mahali pake. Kisha akavuta kiti chake, kile kiti kizito cha mbao ambacho huwa hakubali mtu akisogeze, akakileta mpaka magoti yake yakakaribia kugusa gitaa.

"Piga tena."

Amos akapiga. Aliteleza sehemu mbili, lakini hakusimama. Mama Salina aliinama, akatega sikio karibu na spika, kisha akanyoosha mkono akauweka juu ya ile spika kama mtu anayepima homa ya mtoto. Mkono ukabaki pale. Kila uzi mnene ulipopigwa, Amos aliona leso begani mwake ikitikisika kidogo. Wakati wa lile pambio la mwisho alifumba macho, na midomo yake ikalitamka jina lake mwenyewe, mara tatu, bila sauti.

Wimbo ukaisha. Mama Salina hakuutoa mkono.

"Kumbe," akasema. Alikuwa akitabasamu, na machozi yalikuwa yakimshuka, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechokozwa miaka mingi na hatimaye akajua amechokozwa na nani. "Kumbe ndiyo maana alikuwa harudi nyumbani. Hata mimi nisingerudi."

Amos alijaribu kucheka, kikatoka kitu kingine. Akapangusa uso kwa mkono wa lile shati safi.

"Basi siku ya kumbukumbu nipige hivi hivi?" akauliza. "Na hii pikapu?"

"Siku ya kumbukumbu waimbe za kitabu," akasema Mama Salina. "Hao wote walishasikia. Mimi ndiyo naanza. Hebu rudia, toka pale mwanzo."